Mlango Chini ya Moyo

Pale Hell-Ville, mji wa kisiwa cha Nosy Be katika nchi ya Wamalagasi, harusi ya Waislamu isiyopikwa na Kouraichia ilihesabiwa kuwa nusu harusi. Alikuwa mjane mwenye mwili, mikono mikubwa na sauti ya chini, mzaliwa wa kisiwa hicho, ingawa babu zake walitoka Ngazija. Watu walimwita Bweni Kouraichia, na hilo “Bweni” si jina, ni heshima wapewayo akina mama wa Kikomoro wanapofikia umri wa kusikilizwa. Akisimama mbele ya masufuria yanayochemka, hakuna aliyethubutu kuonja kabla yake. Na sala ikiingia, aliweka mwiko chini, akatawadha, akasali palepale uani nyuma ya moshi. Sijida yake ilikuwa ndefu, hata wasichana wa jikoni wakawa wanatazamana: jamani, amelala?

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, watu wakiwa bado hawajachoka kuitazama bendera yao. Katika miaka hiyo ndipo kiungulia kilipomwingia Kouraichia, au tuseme ndipo kilipoacha kuwa mgeni kikawa mwenyeji.

Kwanza kilikuja baada ya karamu tu. Moto mdogo chini ya moyo, ukapanda hadi kooni, ukashuka. Nani asiyeujua? Jirani yake Hayrat, ambaye alipika naye tangu wote wawili wakiwa wasichana, alimcheka.

“Dada, unaonja kila sufuria, unategemea nini?”

Akamchemshia maji ya ukoko. Hicho ndicho kinywaji cha kila nyumba nchini mle: unaacha wali ushike chini ya sufuria, unamimina maji juu ya ule ukoko ulioungua, unachemsha mpaka yageuke rangi ya chai nyepesi, na watu wote wanayanywa baada ya chakula. Kouraichia aliyanywa ya uvuguvugu, polepole, na moto ukatulia.

Ulitulia kwa muda. Uliporudi, Hayrat akaleta tangawizi iliyopondwa, na tangawizi ikawasha moto juu ya moto. Akaleta maziwa yaliyopoa. Kouraichia akapata nafuu ya ajabu hata akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha haukupita muda kiungulia kikarudi na hasira. Ndizi mbivu zilimfaa kidogo. Karafuu za kutafuna hazikumfaa, ila zilificha harufu ya uchachu mdomoni, na kwa mwanamke anayesimama karibu na watu hilo nalo halikuwa jambo dogo. Mwishowe akagundua magadi meupe ya kuumulia maandazi. Kijiko kidogo katika maji, anacheua mara moja kwa kishindo, kifua kinafunguka. Akawa hatoki nyumbani bila magadi kwenye pindo la leso. Kijiko kimoja kikazaa vijiko, viatu vikaanza kumbana kwa kuwa miguu ilikuwa ikivimba, naye hakujua kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Yote hayo angeyavumilia. Lililomvunja lilikuwa jingine, na hilo hakumwambia Hayrat wala mtu yeyote.

Alasiri moja, baada ya kula, aliweka paji la uso kwenye mkeka akaanza kumtukuza Mola wake. Maji machachu yakapanda kutoka tumboni, yakamjaa mdomoni. Akayameza, yakamuunguza yakishuka kama yalivyomuunguza yakipanda. Akainuka, akasujudu tena, yakaja tena. Jioni, vivyo hivyo. Akisimama, hakuna kitu. Akirukuu, yanasogea. Akisujudu, yamefika. Mahali pale ambapo mja huwa karibu zaidi na Mola wake, ndipo uchungu ulipokuwa ukimngojea.

Akaanza kujichunguza kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Nani nimemdhulumu? Neno gani nimelisema? Hakuona kitu kikubwa, na kutokuona huko kulimtisha zaidi.

Basi siku moja alimpelekea chakula Fundi Mbaé, mwalimu wa dini aliyemfundisha hata yeye herufi za kwanza. Akasimama mlangoni na sahani iliyofunikwa, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa:

“Fundi, ati sala ya mtu inaweza kurudishwa?”

Fundi Mbaé alikuwa amefundisha watoto tangu asubuhi, akajibu kama yumo bado darasani. “Inaweza, Bweni. Ipo sala inayokunjwa kama nguo kuukuu, akarudishiwa mwenyewe. Mungu atuepushe nayo.”

“Amina,” akasema Kouraichia, na miguu yake haikujua ilivyomfikisha nyumbani.

Baadaye alimwomba kombe, akisema tumbo linamsumbua, na hilo lilikuwa kweli. Fundi Mbaé akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, akampa anywe. Kouraichia aliyanywa yote kwa imani yake yote, kisha kwa furaha akatandika mkeka asali alasiri. Alipogusa ardhi kwa paji la uso, kombe likarudi. Alilijua kwa ladha yake: zafarani na waridi, yamechanganyika na uchachu, yakimchoma koo.

Tangu siku hiyo hakusali tena mbele za watu. Alisali chumbani, amefunga mlango, na ile sijida ndefu ikawa fupi kama kuku anayedonoa. Hayrat aliliona hilo. Alidhani mwenzake amechoka na uzee, akanyamaza.

Mambo yaliharibika kwenye harusi ya binti wa Attoumane, mfanyabiashara wa pilipili manga. Kouraichia alionja kipande cha nyama ya pilau, na nyama ikakwama. Haikupanda wala haikushuka. Ilikaa katikati ya kifua, na mate aliyoyameza yalikaa juu yake. Hayrat alimpiga mgongoni, wasichana wakapiga kelele, wageni huko nje wakaendelea kuimba bila habari. Hatimaye alitapika, nyama ikatoka, na pamoja nayo nyuzi za damu.

Daktari kijana wa Hell-Ville alimbonyeza tumbo, akamwangalia ulimi, akasikiliza hadithi ya nyama. Kisha akavua kile chombo cha kusikilizia.

“Bweni, mimi hapa nakusikiliza kwa nje tu. Nenda Mahajanga, hospitali kubwa ya ng'ambo. Wana mashine ya kutazama ndani.”

“Ndani ya nini?”

“Ndani yako.”

Hayrat alipoambiwa, alishika kifua. “Watakupasua!”

“Amesema kutazama tu, si kupasua.”

“Na watatazamaje bila kupasua?”

Kouraichia alifunga mzigo wake na swali hilo. Alikwenda nalo.

Alivuka kwa chelezo cha injini hadi Antsahampano, kule ng'ambo, akapanda lori la magunia ya kahawa linaloelekea kusini, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kiangazi na barabara ilikuwa inapitika. Ilikuwa safari ya vumbi, ya kungoja mitoni, ya kusukumana na magunia. Alikula ndizi na wali mkavu kidogo, maana hakuthubutu zaidi. Alilala kwa kuketi, mgongo kwenye gunia, kwa sababu nafasi ya kujinyoosha haikuwepo. Na kule ndani ya lori, akiwa amechafuka na amevunjika viungo, aligundua kitu kilichomshangaza: koo lake lilikuwa limetulia. Alijipapasa shingoni kama mtu aliyeamka akakuta jirani mgomvi amehama. Hakuelewa. Akasema labda ni baraka ya msafiri.

Lori lilipopita Belobaka asubuhi na nyumba za Mahajanga zikaanza kuonekana, bintiye Hasnati alikuwa tayari kituoni. Hasnati alikuwa mshonaji, ameolewa na kuhamia Mahabibo, mtaa wa ndani wenye soko na vijiduka vilivyobanana. Alimwona mama yake akishuka, uso umesinyaa, akalia kabla ya kusalimia.

“Mama, umekuwa mdogo!”

“Ni vumbi, mwanangu. Ukinifuta nitarudi.”

Hospitalini waliketi kwenye benchi la ukumbini pamoja na watu wengi. Kouraichia hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake, kama alivyoagizwa. Mara akapita mwanaume mwembamba wa makamo, koti jeupe, na machoni amevaa miwani mikubwa yenye vioo vyekundu kama makaa. Akina mama waliokaa benchini walirudisha miguu nyuma. Kouraichia akasoma dua kimyakimya.

“Huyo ndiye daktari wa mashine,” Hasnati alinong'ona. “Nimeuliza. Wanasema anayafundisha macho yake giza. Akikaa na miwani ile, akiingia kwenye chumba cheusi anaona ambacho sisi hatuoni.”

Daktari alikuwa mtu wa milimani, na Kimalagasi chake kilikuwa cha huko: cha taratibu, laini, maneno yake mengine mageni kwa watu wa pwani. Alimwita Kouraichia “Neny”, kama watu wa kwao wanavyowaita mama zao. Kouraichia alikisikia Kimalagasi kila siku ya maisha yake sokoni na bandarini, lakini alipoingia chumba kile, akaona meza ya chuma iliyosimama wima kama mlango, nyaya nene na madirisha yaliyofunikwa kwa vitambaa vyeusi, lugha zote zilimkimbia isipokuwa ile ya mama yake. Daktari akauliza, yeye akatazama tu.

“Binti yako anaweza kubaki,” daktari akasema. “Atakuwa mdomo wangu.”

Akamvika Hasnati joho zito lenye madini ya risasi ndani yake, la kumkinga na miale. Hasnati akainama kidogo kwa uzito. Kouraichia akasimamishwa na mgongo wake kwenye meza ya wima, mbele ya kifua chake kikasogezwa kioo kikubwa kilichomgeuzia kisogo, na mkononi akapewa kikombe cha kitu cheupe, kizito, kama chokaa ya kupaka ukuta. Taa ikazimwa.

Giza lilikuwa nene. Daktari akavua ile miwani yake. Kouraichia alisikia ikiwekwa juu ya chuma. Kisha mashine ikanguruma, na mbele yake, upande asiouona, kukaanza kuwaka mwanga hafifu wa kijani. Aliuona ukigusa mashavu ya bintiye tu. Mdomo wa Hasnati ulikuwa wazi.

“Hasnati, kuna nini?”

Hasnati alisogea karibu na kioo.

“Mwanangu, unaona nini?”

“Mama.” Sauti ilikuwa ya mtoto. “Mama, naona mbavu zako. Naziona zikipanda na kushuka. Mama... na hapa kuna kitu kinaruka. Kinaruka, hakikomi.”

“Mwambie ni moyo,” daktari akasema.

“Ni moyo wako, mama. Naona moyo wako!”

Kouraichia aliganda. Moyo ulioambiwa unaonekana ukaanza kupiga haraka, na Hasnati akasema, “Sasa unakwenda mbio,” na daktari akacheka kidogo gizani, kicheko cha upole. Kouraichia alikuwa akisikia kifuani jambo ambalo mwanawe alikuwa akiliona kwa macho, wakati mmoja, na hakuna ngozi iliyopasuliwa. Mwanamke aliyemzaa huyu binti kwa damu na kelele, leo yeye ndiye amefunguliwa na binti anachungulia.

“Mwambie anywe funda moja.”

“Mama, kunywa funda moja.”

“Bismillahi,” akasema Kouraichia, akanywa. Kilikuwa baridi, hakina ladha ila ya udongo.

“Naiona!” Hasnati alishika joho lake kwa mikono miwili. “Mama, naiona bismillahi yako ikishuka. Nyeupe... hapana, nyeusi, hapa inaonekana nyeusi. Inapita nyuma ya moyo. Inateleza. Imefika chini, imesimama kidogo, kama inabisha hodi. Imefunguliwa! Imeingia.”

Daktari naye aliinamia kioo.

“Nimeona wengi,” daktari akasema baadaye, kama anajisemea mwenyewe. “Na kila mara nasahau kupumua.”

Akamnywesha kikombe kizima. Kisha akaonya kuwa meza italala, asiogope. Meza ikanguruma, ikamlaza Kouraichia chali. Ikaendelea. Miguu ikapanda juu, kichwa kikashuka chini, naye akashika kingo za chuma kwa mikono yake mikubwa. Hapo moto ukaja. Ulianza palepale chini ya moyo, ukatambaa.

“Inapanda,” Hasnati akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. “Mama, ule mlango haufungi. Kile ulichokunywa kinarudi. Kinapanda kifuani, kinakuja, kinakuja...”

“Kimefika shingoni,” Kouraichia akasema kutoka gizani. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa akikionja.

Daktari akairudisha meza. Mashine ikanyamaza. Kabla taa haijawashwa, Kouraichia akasema, na safari hii Kimalagasi chote kilimrudia:

“Daktari. Hivi ndivyo ninavyokuwa nikisujudu.”

“Samahani, Neny?”

“Nikisali. Nikiweka uso chini. Sala yangu inarudishwa.” Akaanza kulia. “Nilidhani inarudishwa.”

Hasnati aligeuka kumtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, na alikuwa ametoka kumwona hadi mbavu.

Daktari akawasha taa ndogo. Alikuwa Mkristo, na ilionekana anapima maneno asije akakanyaga asipopajua. Akavuta vigoda viwili, akamketisha Kouraichia, naye akaketi mbele yake.

“Neny, dini yenu siijui vya kutosha kuisemea. Nitakuuliza mambo ya mwili tu. Ukiinama kupuliza moto jikoni, maji hayaji?”

Kouraichia akafikiri. “Yanakuja.”

“Ukiinama kufua?”

“Yanakuja.”

“Ukijifunga leso kwa nguvu kiunoni ukakaa kumenya vitunguu?”

“Hapo yanakuja sana.”

“Na ukilala chali baada ya kula?”

“Daktari, nimeacha kuhesabu.” Akafuta uso. “Lakini hayo sikuyatia maanani. Niliona ni tumbo tu.”

“Na hilo la sala ni tumbo lilelile.”

Akachukua kitambaa, akakitandaza hewani kati ya mikono yake. Kati ya kifua na tumbo, alieleza, kuna nyama nyembamba imetandazwa kama dari. Juu yake vinakaa moyo na mapafu, chini yake mfuko wa chakula. Dari hiyo ina tundu moja la kupitisha njia ya chakula, na pale pana msuli unaobana kama mlango: hufungua kwa kinachoshuka, hujifunga nyuma yake. Tundu la Kouraichia lilikuwa limelegea, na kipande cha mfuko kilikuwa kimechungulia juu. Mlango haukubana tena. Kichwa kikiwa juu, maji makali ya tumboni hukaa chini kwa uzito wake. Kichwa kikishuka, hupanda. Hata ile nyama ilikwama kwa sababu njia imechomwa kwa muda mrefu na maji hayo, ikavimba.

“Kwenye lori nililala nimeketi,” Kouraichia akasema polepole. “Sikuungua.”

“Ndiyo hiyohiyo.”

Picha zilipokuwa tayari, daktari alizibandika kwenye sanduku la kioo lenye taa ndani. Kouraichia akasogea. Aliona mbavu zake zimepangwa kama makuti kwenye paa, uti wa mgongo, na katikati kitu cheupe mfano wa kibuyu kilichoinama, chenye kipande kidogo kilichotokeza juu ya mstari. Aliinua kidole, akakizuia kisiguse.

“Huyu ni mimi?”

“Ni wewe.”

“Na nyinyi nyote mko hivi?”

“Sote. Mlango wangu mimi bado unabana, nashukuru.”

“Subhanallah,” akasema. “Miaka yote hii napika. Nimewalisha watu elfu na elfu, wala sikujua chakula kinakwenda wapi.”

Dawa aliyopewa ilikuwa nzito na nyeupe, ya kutikisa chupa kabla ya kunywa, kila baada ya chakula na kabla ya kulala. Lakini daktari alitumia muda zaidi kwa mambo yasiyo ya chupa. Ale kidogo kidogo. Ale mapema jioni, asilale mpaka chakula kishuke. Leso asiifunge kiunoni. Kahawa, pilipili, achari ya ndimu, mafuta mengi, aviache. Mwili upungue. Na kitanda kiinuliwe upande wa kichwa, miguu yake ya mbele ipandishwe juu ya matofali.

“Na maji ya ukoko?” Kouraichia aliuliza kwa wasiwasi.

“Kunywa. Mama yangu mzazi angenifukuza nyumbani nikiyakataza.”

“Magadi?”

Daktari akaitazama miguu yake iliyovimba. “Hayo acha. Yanakutuliza na yanakujaza maji.”

“Nitapona lini?”

“Hutapona kama mtu anavyopona homa. Utaishi na ugonjwa huu, ukiuelewa utakaa kimya siku nyingi. Nyama ikikwama tena, au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje harusi iishe. Njoo.”

Kule Mahabibo mkwe wake alitafuta matofali, akayaweka chini ya kitanda, na majirani wakaja kuuliza kwa nini mgeni amelazwa kwenye mlima. Hasnati hakuchoka kuwasimulia. Kila mara alipofika penye moyo unaoruka, alipeleka mkono kifuani kwake mwenyewe, na wanawake waliokuwa wakimsikiliza wakafanya vivyo hivyo.

Kouraichia aliamka alfajiri moja, tumbo tupu, koo kavu na safi. Akatawadha. Alisimama kwenye mkeka muda mrefu kuliko kawaida, maana aliogopa. Akarukuu. Hakuna kilichosogea. Akashuka, akaweka magoti, mikono, paji la uso. Akangoja, pumzi ameizuia. Kulikuwa na harufu ya ukindu wa mkeka, na sauti ya jogoo wa jirani, na hakuna kingine. Mdomo wake ulikuwa mtamu. Ndipo akaanza kusema maneno yale ya kumtukuza Mola aliye juu, akayarudia, akayarudia, hata Hasnati akaja mlangoni na kanga begani, akasimama, akaogopa kumwita.

Aliporudi Nosy Be alikwenda kwa Fundi Mbaé kabla hata ya kufungua mzigo. Safari hii hakuuliza kwa mbali. Alimwambia yote: maji, hofu, kombe lililorudi, meza, mlango. Mzee alisikiliza mikono ikiwa magotini, macho yakamlowa.

“Binti yangu, uliniuliza habari ya sala za watu. Kwa nini hukuniambia ni yako?”

“Niliogopa jibu.”

“Nami nilikupa jibu lenyewe.” Akatikisa kichwa. “Sala za mchana ukiwa na chakula tumboni, sali umeketi kwenye kigoda, uinamishe kichwa kiasi usiumie. Mgonjwa amepewa ruhusa hiyo, si aibu. Na hiyo picha, unayo?”

“Wamebaki nayo.”

“Hasara. Ningependa kuona.” Kisha akamwomba asimulie tena pale funda linaposimama na kubisha hodi. Alimsimulia. Fundi Mbaé akameza mate, taratibu, akisikiliza mwenyewe yakishuka.

Si kwamba kila kitu kilinyooka. Siku ya Idi alijisahau, akala biriani na achari ya embe mpaka akafungua leso, na alilipa kwa kukesha ameketi. Kuna majuma ambayo dawa haikupatikana Hell-Ville, akabaki na maji ya ukoko, ndizi na matofali yake, akavuka salama. Kuonja alimwachia Hayrat, na kwa hilo waligombana sana, kwa sababu Hayrat hupenda chumvi. Magadi yalirudi kwenye maandazi. Miguu ikaingia viatuni.

Kwenye harusi moja ya mwezi wa mfungo sita, masufuria yalipokwisha kupakuliwa, Kouraichia alitoka jikoni akasimama kwenye nguzo ya baraza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wageni walikuwa wameketi chini kwa safu, mikono ikienda na kurudi kwenye sinia. Wazee, wachukuzi wa bandarini, bwana harusi mwenye jasho, vikongwe wasio na meno. Kila mmoja alikuwa akimeza na kucheka na kumeza tena. Aliwatazama shingo zao. Funda linapita nyuma ya moyo, linateleza, linasimama, linafunguliwa. Halafu jingine. Kwa watu wote wale, kwa wakati mmoja, bila mtu kuamrisha, bila mtu kujua.

Hayrat alimjia na beseni la maji ya kunawa. “Dada, unalia? Pilau imeharibika?”

“Haijaharibika,” akasema Kouraichia. “Shusha beseni. Njoo usimame hapa nikuonyeshe.”